Kiwiko Chako Kilivyokakamaa

Temeke, siku moja kabla ya safari yako

Kwako binti yangu Mwajuma,

Salamu tulizopeana asubuhi zinatosha, sizirudii. Umetoka kwenda kuaga majirani, na kwa jinsi wanavyopenda kukushikashika na kukulilia, najua hutarudi kabla ya magharibi. Nimekaa uani na daftari langu la elimu ya watu wazima, lile lenye kurasa nyingi zilizobaki nyeupe kwa sababu nilikuwa mtoro. Mwalimu wetu alisema tukijua kuandika tutautoa ujinga. Leo ndiyo nimepata kitu cha kuandika.

Sitakuandikia habari za baridi ya huko kaskazini, wala ujifunike nini, wala ule nini. Umri ulio nao, kama hujui kujifunika basi ugande. Ninachotaka kukuambia ni kimoja tu, nacho ni kiwiko chako.

Unakwenda kufundishwa kazi ya viungo vya watu. Kukanda kwa kisomo, kama ulivyowaambia wale wanawake kisimani wakacheka. Siku moja huko chuoni watafika kwenye somo la kiwiko. Mwalimu atazungusha macho darasani, atauona mkono wako wa kulia uliojikunja, atakuita mbele na kusema nyoosha. Hautanyooka. Atakuuliza ilikuwaje, nawe utamjibu kile ulichoambiwa tangu ukiwa na miaka saba: baba alinibeba kwenye keria ya baiskeli, nikaanguka, nikavunjika, naye badala ya kunibeba akaniinua kwa kunivuta mkono uleule uliovunjika. Mwalimu atakibonyeza hicho kiwiko, atatikisa kichwa, na atakuambia mbele ya wenzako kwamba kuvutwa mara moja hakumfanyi mtu awe hivyo. Ndipo atakapouliza nani alikukanda.

Basi ni mimi. Sikutaka ulisikie huko kwanza.

Nianze na bibi yako, mama yangu, maana ndiye aliyenipa kazi hii. Alikuwa mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua, bibi yako aliingia chumbani na sufuria la maji ya moto yenye majani ya mwarobaini, akatoka baada ya siku arobaini. Na unajua desturi ya hapa kwetu. Mzazi akikandwa, majirani wanakaa ukumbini wanasikiliza. Akilia, wanasema leo kakandwa. Akipiga yowe, wanasifu mikono. Akinyamaza, wanatazamana. Mkandaji hapimwi kwa mzazi alivyoamka kesho yake, anapimwa kwa sauti iliyotoka ukutani. Bibi yako aliipuuza desturi hiyo na akafa hana sifa yoyote. Mimi niliipenda.

Nilikuwa na mikono mizuri, na hilo hata adui zangu hawanikatalii. Makuli wa bandarini waliletwa hapa wamejikunja kwa viuno, wakaondoka wima. Wazee wa baridi yabisi niliwachua magoti kwa mafuta ya ufuta mpaka wakaanza tena kwenda msikitini kwa miguu yao. Kichwa, shingo, mguu uliokufa ganzi, vyote nilivijua. Lakini nilikuwa nakanda huku sikio langu liko nje. Nikisikia wale wa ukumbini wamenyamaza, naongeza nguvu ili mtu alie na wao wapate cha kusema. Ndivyo nilivyokuwa, Mwajuma. Nilikuwa naumiza watu ili nisifiwe, na walikuwa wananishukuru.

Kulikuwa na mke wa mchonga vinyago mmoja, wageni kutoka kusini, walipanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alijifungua mtoto wa kwanza, nikaitwa. Nikamkanda tumbo, kimya. Nikaongeza maji, kimya. Kumbe kwao mwanamke halii mbele ya watu, ni aibu. Nje nikasikia mmoja anauliza, "Leo mkandaji kalala humo?" Wakacheka. Nilipandwa na hasira, nikamkandamiza yule binti mpaka damu iliyokuwa imeshakatika ikaanza upya. Walimpeleka hospitali wamembeba kwa mkeka. Alipona. Aliporudi alinipita njiani akaniamkia, "Shikamoo mama," nami nikaitika marahaba kwa kiburi, nikijiambia kwamba hospitali wamemalizia tu kazi yangu.

Basi ulipoanguka wewe ndivyo nilivyokuwa. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Baba yako alikuwa kuli bandarini na alikuwa na baiskeli aliyoitunza kuliko nguo zake. Jumapili alikupakia kwenda Chang'ombe, gurudumu likaingia shimoni, ukarushwa. Hapo ulizimia, ndiyo maana hukumbuki chochote cha njiani, na ndiyo maana niliweza kukujaza nilichotaka.

Nisikilize vizuri sasa. Baba yako hakukuvuta mkono. Alivua shati, akaufunga mkono wako kifuani kwako usitikisike, akakubeba kwa mikono miwili kutoka Chang'ombe mpaka hapa, anatembea taratibu kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa ndoo. Baiskeli aliiacha pale pale shimoni. Iliibwa, na sikuwahi kumsikia akiitaja. Alipofika mlangoni alisimama bila kukuweka chini.

"Mama Mwajuma, mtoto kavunjika huyu. Nipe khanga nimfunike, tumpeleke hospitali."

"Hospitali ya nini?" nikamwambia. "Mie nipo."

"Hili ni fupa, mke wangu. Si kiuno hili."

"We kuli wa bandarini, lini umejua mambo ya mifupa? Mweke hapo."

Mlangoni walishajaa majirani. Niliwaona wote. Nikawaza kwamba mkandaji akimpeleka mwanawe kwa wale wa makoti meupe, kesho nani atamletea wake? Hilo tu ndilo nililowaza. Wewe ulikuwa umelala mkekani na kiwiko kimevimba, na mama yako alikuwa anahesabu nani na nani wamesimama mlangoni.

Nilikukanda siku hiyohiyo. Maji ya moto ya chumvi, kisha mafuta ya mbarika, kisha nakunyoosha. Unashika kwapa kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine, unavuta. Asubuhi na baada ya alasiri, kila siku. Ulilia mpaka sauti ikakauka ikawa inatoka kama ya mtu mzima. Ukumbini walikuwa wanasema, "Mwana wa mkandaji kakandwa kweli, huo mkono utapona." Nilisikia raha. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini ndilo neno lenyewe.

Baba yako alikuwa anakwenda kukaa barabarani ili asisikie. Siku moja aliingia, akanishika mkono wangu huu ninaoandikia. Hajawahi kunishika hivyo kabla wala baada.

"Muache."

"Toka."

"Nakuomba, mama. Muache mtoto apumue."

Nikapaza sauti wasikie wote: "Umemvunja, sasa unataka na kumlemaza!" Akaniachia, akatoka. Hapo ndipo uongo ulipozaliwa. Nilisema tu kwa hasira, ila nilipoona majirani wameupokea, nikaulea.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Niliporudi nikakukuta umekaa mlangoni, mkono umefungwa mabanzi na bandeji nyeupe, umening'inizwa shingoni, na unakula embe. Ulikuwa umetulia. Baba yako alikuwa amekuiba akakupeleka zahanati. Akaniambia, kwa adabu kabisa, "Dresa kasema usiguswe, mama. Usiguswe mpaka tumrudishe." Nikasema sawa. Alipokwenda kazini zamu ya jioni, nikaifungua ile bandeji, nikayatia mabanzi jikoni, nikaweka maji ya moto. Bandeji niliifua nikawa nachujia tui. Ulikula wali wa tui lililochujwa kwa bandeji yako mwenyewe, ukausifia.

Siku zile za mwisho uliacha kulia. Ulikuwa unautazama ukuta tu. Mkandaji mwenye akili angeondoa mkono. Mimi nilidhani ujeuri, nikaongeza. Hili ndilo ninalotaka ulichukue kuliko vyote watakavyokufundisha huko: mgonjwa akinyamaza chini ya mikono yako, ondoa mikono kwanza, ndipo umuulize. Usimwulize mikono ikiwa bado juu yake, maana atakujibu unachotaka. Na usimkande mtu ili wa nje wasikie. Ukijigundua unasikiliza mlango, nenda kanawe, umwachie mwingine.

Uvimbe uliisha, mkono ukabaki umejikunja. Nilivuta, haukuja. Nilichua, ukawa mgumu kama umetiwa kijiti ndani. Majirani walipoanza kuuliza, jibu nilikuwa nalo tayari. Nikawaambia alimvuta. Alimwinua kwa mkono uliovunjika kama anainua gunia bandarini. Nikakuambia na wewe, tena si mara moja. Kila ulipoinamia sahani kwa sababu mkono haufiki mdomoni vizuri, nilikukumbusha. Watoto wa shule walipokuita Kigoe, ile fimbo ya kuangulia maembe, ulirudi unalia, nikakuambia kamlilie baba yako. Nami mwenyewe nikikasirika nilikuita hivyohivyo, Kigoe. Ulikuwa hulii tena wakati huo.

Utauliza kwa nini yeye hakukanusha. Nimejiuliza sana. Nadhani aliamini. Siku ile alikuwa amechanganyikiwa, na mtu akiambiwa kila siku kwa miaka kwamba alivuta, mwisho anauona mkono wake unavuta. Alipokuwa anakutazama ukiandika, alikuwa anaificha mikono yake makwapani. Nilimwona, na sikumwonea huruma. Nilikuwa naona afadhali aifiche yeye kuliko mimi.

Mpaka hapo unaweza kuniita mjinga. Ujinga una nafuu yake. Ngoja nikuambie nilivyoacha kuwa mjinga.

Unaikumbuka ile semina ya wakunga na wakandaji kwenye zahanati? Nilikwenda kwa kuwa walisema kuna chai. Mwalimu alikuwa muuguzi mdogo tu, wa kuweza kuwa dada yako. Akatundika picha ya mkono usio na nyama, mifupa mitupu, akaweka fimbo kwenye kiwiko. "Hapa, mama zangu, nawaombeni. Kiwiko cha mtoto kilichoumia msikikande kamwe. Nyama iliyochanika ukiikanda na kuivuta kila siku, inaota mfupa ndani yake. Mkono unakakamaa milele. Ukiachwa umetulia, wengi wao hupona."

Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Je, kama ni mtoto wa jirani, alishakandwa zamani?"

"Alikandwa kwa muda gani, mama?"

"Mwezi. Zaidi ya mwezi."

"Basi huyo jirani ndiye aliyemlemaza mwanawe. Si kuanguka."

Wanawake wote wakasonya. "Mwanamke gani huyo hana uchungu?" akasema mmoja. Nami nikasonya, Mwajuma. Nilisonya kwa nguvu kuwashinda wote. Kisha nikanywa chai yangu.

Niliporudi, baba yako alikuwa uani anatia mpini jembe jipya. Alikuwa ameshajiandikisha kwenda kijiji cha ujamaa, huko upande wa Rufiji. Walikuwa wanahimizwa wasio na kazi, naye alikuwa na kazi. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa anakwenda kwa sababu humu ndani hukuwa unakaa chumba alichomo, ukimpakulia unaweka sahani sakafuni unaondoka, na mimi nilikuwa nakusifu kwa msimamo. Akaniuliza, "Wamewafundisha nini leo?"

Nikamjibu, "Kunawa mikono."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu aondoke. Nilikuwa na wiki tatu nzima za kusema maneno matano. Nilimfungia mkate wa kumimina, nikamsindikiza mpaka kwenye lori, nikarudi kukanda.

Na Idi iliyopita alikuja. Amekonda, kavaa kanzu ileile aliyoondoka nayo, kaja na mchele wa huko. Nilikuwa nyuma ya pazia namchua mgongo mke wa balozi wa nyumba kumi. Nikamsikia anabisha hodi, nikakusikia unafungua.

"Shikamoo," ulimwambia, kavu.

"Marahaba, mama yangu. Hujambo?" Nikafungua pazia kidogo kwa kidole. Alikuwa amekunyooshea mkono. Ukautazama, ukamwambia, "Mkono wangu haunyooki, baba. Si unajua?"

Alibaki na mkono wake hewani. Baadaye akautumia kusawazisha kofia, kama ndiyo kazi aliyoutolea. Mke wa balozi akaniuliza, "Nani huyo?" Nikamwambia, "Mgeni." Nikarudisha pazia, nikaendelea na mgongo wake. Nilimkanda vizuri sana siku hiyo, polepole, bila kumuumiza hata kidogo. Nilikuwa nimeshajifunza.

Usidhani naandika haya kwa kuwa nimekuwa mtu mwema. Ungebaki hapa Temeke, ukaolewa Mtoni au Keko, ningekaa nayo mpaka kaburini na ungenilia vizuri. Nakuambia kwa sababu unakwenda mahali watakapokuambia, na sitaki mtu mwingine anitangulie. Hata kweli yenyewe nimeisema kwa kiburi, unaona.

Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe haraka nitajua umerithi unafiki wangu. Ukikasirika, kasirika, ila usikasirike na mikono yako, maana utakuwa unaiweka juu ya watu. Mkono wenye hasira unajulikana na mgonjwa kabla haujamgusa. Walinijua wote, nadhani, wakanilipa kwa kulia.

Ukiulizwa na mwalimu wako, usimwambie ni mwanamke mmoja wa mtaani. Wasomi wanapenda sana huyo mwanamke mmoja wa mtaani. Mwambie ni mama yako mzazi, unitaje kwa jina, na ueleze nilivyofanya hatua kwa hatua, maji na mafuta na kuvuta, ili wenzako wajue ni kitu gani wasifanye. Kama mkono wako hauwezi kufanya kingine, basi ufundishe hicho.

Limebaki moja. Juzi nilimtumia salamu baba yako kwa dereva wa lori la korosho. Nimemwambia tu kwamba unasafiri kesho asubuhi kwenda kusoma, na basi linaondokea wapi. Mengine sijamwambia. Nilimwandikia karatasi tatu, nikazichana zote tatu. Kukuambia wewe nimeweza, yeye nimeshindwa, kwa hiyo nakutwika na huo mzigo juu ya mingine niliyokutwika. Utamwambia wewe. Utamwambia hakukuvuta. Mwambie kuhusu lile shati, na jinsi alivyokubeba, maana na yeye amekwisha kusahau.

Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, uisome kabla hujatoka. Mimi stendi siji. Nina mzazi Keko wa siku ya tatu, nitakuwa nimeshatoka.

Utamkuta amefika mapema kukushinda. Lakini hatakuja ulipo. Atasimama upande wa pili wa barabara, karibu na wauza kahawa, akijifanya anangoja gari jingine, kwa sababu nilimfundisha kusimama mbali na wewe na amejifunza vizuri. Akikuona unamtazama, huenda akageuka. Usimngoje. Vuka barabara wewe. Mkono wako haufiki mbali, kwa hiyo itabidi umsogelee karibu kabisa.

Ni mimi mama yako,
mkandaji